Kuku Mweupe kwa Ajili ya Mega

Ile filamu sikuichagua mimi. Aliichagua shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye alijitia hamnazo, kana kwamba filamu iliingia yenyewe nyumbani kwake kupitia dirishani.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, na umeme ulikuwepo. Kule Panda, mtaa wa hapa Likasi, umeme ukiwepo watu hawakai bure: mmoja anapiga pasi, mwingine anachaji simu, mwingine anawasha televizheni, yote kwa pamoja kabla haujaondoka. Nyumba ya mdogo wangu ni moja ya zile za zamani za kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, sebule ndogo, makochi makubwa kuliko sebule. Tulikuwa tumejibana humo: mdogo wangu na binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, mume wake, mama mkwe wake, na mimi niliyekwenda kusalimia. Tulishakula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo, na sahani zilikuwa bado mezani.

Filamu ilikuwa ya watu wa nchi za baridi, imetiwa sauti za Kifaransa. Mke mmoja amemchoka mume wake, ambaye kila akitoka kazini anajifungia chumbani kuunda treni ndogo za kuchezea. Mke anaamua kuuza kochi lao la zamani kwenye intaneti. Mwanamume wa mji mwingine anaandika kuuliza kama kochi bado lipo. Lipo, anajibu. Basi wanaandikiana kuhusu rangi ya kochi, kisha miguu yake, na kufumba na kufumbua wanaandikiana kuhusu maisha. Miezi inapita, kochi haliuzwi. Mke anajifungia bafuni na simu, mume anagonga mlango akidhani mke ana tumbo la kuendesha. Mama mkwe anakuja kutembea, anasinzia juu ya lile kochi, simu inalia chini yake, naye anaamka na kujibu ujumbe mwenyewe bila miwani. Mwishowe mume anagundua yote. Unadhani anafanya nini? Analinunua kochi lake mwenyewe, analibeba kichwani mjini kote huku watu wanampigia makofi, na wanafunga ndoa mara ya pili. Yule mwanamume wa intaneti naye yupo harusini, anacheza.

Shemeji yangu alicheka mpaka akajipiga paja. Mama mkwe, mama wa kanisa ambaye kwa kawaida filamu hazimpiti kooni, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. "Ule mwanamuke, kichwa yake haiko muzuri," alisema, lakini alisema kwa mapenzi, kama mtu anayemsema mtoto wake mtundu. Katikati ya filamu aliingiwa hata na wasiwasi. "Bwana yake asimuache," akasema. "Ni upweke tu."

Nayakumbuka maneno hayo. Ni upweke tu. Aliyasema yeye, kwa kinywa chake, juu ya mwanamke mzungu asiyemjua.

Hapo ndipo mdogo wangu, huku bado anacheka na kumfuta mtoto mdomo, akasema, "Ata minye iko muntu ananiandikiaka kila asubui. Tulisoma naye Mulungwishi, sasa eko dereva kule Ndola. Ananiulizaka: unalamuka muzuri? Minye namujibu: muzuri."

Alilisema hivyo hivyo, kama anavyosema chumvi imekwisha. Alidhani yuko miongoni mwa watu wanaocheka.

Kicheko kikaisha. Shemeji alichukua rimoti akapunguza sauti. Hakuzima, alipunguza tu, na wale wazungu wakaendelea kucheza harusi yao kimya kimya. Mama mkwe akauliza, "Bwana yako anamujua?" Mdogo wangu akasema hapana. "Tangu wakati gani?" Akasema tangu mvua ya mwaka jana. Mama mkwe aliinuka, akachukua sahani ya mwanawe kutoka mezani, ile ambayo kwa mila yetu mke peke yake ndiye anayeiosha na kuijaza, akaipeleka jikoni kwa mikono yake mwenyewe. Nilimwona mdogo wangu anaielewa ile sahani inavyoondoka, na tabasamu likamtoka usoni.

Kwa asiyetoka kwetu, inabidi nieleze. Sisi kwa asili ni watu wa Kasai. Babu zetu waliletwa na treni kufanya kazi ya shaba, na ingawa mimi Kasai sijaitia machoni hata siku moja, ilikuja nasi ndani ya masanduku. Kilichokaa kuliko vyote ni chibawu. Mke aliyetolewa mahari akiguswa na mwanamume mwingine, au akipokea zawadi ya mwanamume mwingine kwa siri, basi chibawu kimemshika. Asipokiri, akaendelea kumpikia mume wake, mume anaugua, au watoto wanaugua, nao wanakufa. Akikiri anatakaswa, na mambo yanaisha. Usidhani wanaoamini ni watu wa kijijini tu. Mhasibu anaamini. Mwalimu mwenzangu anaamini. Mchungaji anahubiri dhidi yake asubuhi, jioni anamuuliza mke wake alikuwa anaongea na nani sokoni.

Na kuna jambo moja ndilo linalonichemsha damu mpaka leo ninapoandika. Chibawu hakimshiki mwanamume.

Shemeji yangu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, analala kambini huko, anarudi Likasi kwa mapumziko. Kule ana mwanamke. Hapa kwetu mwanamke wa namna hiyo anaitwa ofisi ya pili, na ofisi ya pili ya shemeji inajulikana Panda nzima. Akiwa nyumbani anampigia simu akiwa uani, anacheka kwa sauti laini, na mdogo wangu anapita mbele yake amebeba ndoo ya maji ya kumwogesha yeye huyo huyo.

Nilimfuata nje. Alikuwa ameinama, anajifanya anakagua tairi la pikipiki.

"Shemeji, sasa hivi ulikuwa unacheka," nikamwambia.

"Ile ni filme, yaya," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Na yule wako wa Kolwezi, naye ni filme?"

Akainua uso, akaniangalia bila hata kupepesa macho. "Yaya, usichanganye mambo. Minye niko mwanaume."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Macho makavu namna ile sijawahi kuyaona, na mimi nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, watoto waongo nawajua.

Ukoo wao ukaitisha kikao. Viti vya plastiki vikapangwa uani, na aliyekaa katikati ni baba mdogo wa shemeji, mzee mwenye sauti ya upole ambaye ndiye huamua mambo ya familia yao. Kwa upande wetu, baba yetu alishafariki, kwa hiyo nilikwenda mimi pamoja na mama yetu. Mama alikaa amefumbata mikono mapajani. Nilisema mimi.

Nikawaambia, chibawu ni cha mkono na mwili. Mlitufundisha wenyewe. Huyu dereva yuko ng'ambo ya mpaka, hawajaonana tangu shule. Hakumgusa. Hakumtembelea. Alimuuliza kama ameamka salama. Nani kati yenu amewahi kumuuliza hilo?

Baba mdogo alifikiri. Alijikuna kidevu, akafikiri tena, kisha akasema, "Kwa kweli, simu haina mukono." Nilitaka kuinuka nimkumbatie. Akaendelea kwamba wakati wa wazee simu hazikuwepo, na mtu hawezi kufungwa kwa sheria ambayo haikuzijua. Watu wakaanza kusogeza viti. Nikavuta pumzi. Mama naye akafungua mikono.

Ndipo mama mkwe akauliza, taratibu kabisa, "Hakumutumia kitu?"

Mdogo wangu ana kasoro moja: hajui kudanganya. Tangu utoto. Ukimuuliza nani amekula sukari atakuambia ni yeye hata kama hakuna aliyemwona. Nilimtazama, nikamkazia macho, nikamwomba kwa macho aseme hapana, neno moja tu.

"Alinitumia mega," akasema. "Siku ya anivesere yangu."

Mega, ya siku yake ya kuzaliwa. Kwa asiyejua, ndiyo ile intaneti ya simu inayonunuliwa kwa vipimo. Unatumiwa, inakaa siku yake, usipoitumia inakwisha yenyewe. Huwezi kuishika. Huwezi kuivaa wala kuila. Lakini baba mdogo, yule yule aliyesema simu haina mkono, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Basi ni zawadi," akasema. "Ilitoka kwa mwanaume, akaipokea, akaitumia, hakumuambia bwana yake."

Nilisimama. Nilisema mengi ambayo mwanamke hapaswi kuyasema mbele ya wakwe wa mdogo wake. Niliwauliza kama Mungu naye huhesabu mega. Niliwauliza za Kolwezi zinanunuliwa na nani. Mtu mmoja akakohoa. Shemeji akaangalia viatu vyake, ndiyo ikawa adhabu yake, kuangalia viatu. Kisha hukumu ikatoka: familia yetu ilete kuku mweupe, mdogo wangu asimame mbele ya wanawake wa ukoo akiri, atakaswe. Mpaka siku hiyo asipike, asiguse sahani ya mume wake.

Mdogo wangu alisubiri wamalize. "Minye sitasimama," akasema. "Nikisimama, ni kusema nililala naye. Sikulala naye."

Na hakusimama. Siku zikapita, akaishi ndani ya nyumba yake kama mpangaji. Alilala chumba cha mtoto. Mama mkwe ndiye aliyepika, na bukari yake ilikuwa na madonge, nikafurahi mno kusikia shemeji anayatafuna. Mdogo wangu alishamwambia yule dereva asiandike tena. Siku moja alipokuja kwangu nilimuuliza, tukiwa wawili tu, kama alikuwa anampenda.

"Sijue, yaya. Nilikuwa nafurahi simu ikilia. Pale nyumbani bananiulizaka tu, chakula iko wapi."

Nilimwambia asilegeze. Nilimwambia tuko wote, na wakitaka kumfukuza waje wapite kwangu. Nilikuwa najivunia, kusema kweli. Katika familia yetu nzima sikuwahi kumwona mwanamke aliyekikatalia chibawu usoni, na aliyekikatalia alikuwa huyu mpole, siyo mimi mwenye mdomo.

Kisha mtoto akashikwa na homa.

Ilikuwa majira ya mvua, wakati ambao nusu ya darasa langu huwa haipo kwa malaria. Mtoto aliamka anachemka, ilipofika mchana akaanza kukakamaa, macho yakageuka. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Wakampima, ni malaria, wakamtundikia seramu, ile dripu ya dawa, kwenye kile kimkono chake. Daktari kijana alitueleza vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mbu, damu, dawa, muda. Mdogo wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Aliyasoma hayo yote shuleni na alipata alama nzuri kuliko mimi.

Mama mkwe akafika. Hakupiga kelele, hakulia. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mjukuu wake, akamtazama mdogo wangu, akasema neno moja.

"Unaona."

Afadhali angempiga kofi.

Nilitoka nje nisije nikafanya jambo la kunitia aibu, na kwenye geti la hospitali nikakutana na mama yetu. Alikuwa amebeba kikapu kimefunikwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinacheza. Sikuhitaji kuuliza kuna nini ndani. Nikamzuia njia.

"Mama, ukiingiza ule kuku, sisi wenyewe ndio tunasema ana kosa. Banangojea tu hilo."

"Pisha."

"Weye ni mama wa koral. Unaimba kila Jumapili mbele ya watu. Unaamini kama mega inaua mutoto?"

Mama akaweka kikapu chini. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, na haya alinipa mara moja tu maishani. "Minye nilizika batoto babili mbele yenu," akasema. "Hakuna muntu aliniambia juu ya nini. Nilibakia kujiuliza: ni mwanaume gani nilisalimia? Ni mukono gani nilishika muda murefu? Mpaka leo najiuliza. Sitaki mwana wangu ajiulize."

Nilijua tulikuwa na ndugu waliotangulia kufa wakiwa wachanga. Sikujua alikuwa anajihukumu kwa ajili yao miaka yote hiyo, huku anapanga sauti za alto. Mtu angedhani hapo hasira yangu ilipungua. Iliongezeka. Nilimkasirikia kwa niaba yake mwenyewe, na nilipomtazama amesimama pale na kikapu chake nilitamani kumpata mtu, mtu yeyote, aliyemfundisha msichana mdogo kujiuliza swali lile. Lakini waliomfundisha walishakufa, na wengine walikuwa wanamfundisha mdogo wangu ndani ya wodi.

Tulipoingia, mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mguu wa mtoto. Aliona kikapu. Akaniangalia mimi, siyo mama.

"Yaya," akasema, "nitasimama."

"Ni malaria. Umesikia daktari."

"Nilisikia." Hakuuachia ule mguu. "Akikufa, na minye nilikatala, nitaishi aje?"

Kwa hiyo alisimama. Kila ukoo una namna yake, na wao namna yao ilikuwa hii: asubuhi, uani, bila viatu, kichwa wazi, amefungiwa kitenge kimoja kikuukuu chini ya makwapa. Mama alibaki hospitali na mtoto, mimi nikasimama pembeni kwa upande wetu. Wanawake wa ukoo walimzunguka. Alimwagiwa maji yenye majani. Yule kuku alizungushwa kichwani pake. Kisha akaambiwa aseme jina la mwanamume, akalisema. Akaambiwa aseme alichopokea.

"Mega," akasema.

Nilingoja mtu acheke. Niliwaangalia mmoja mmoja, wanawake wenye simu kwenye matiti yao, wanawake ambao nilijua wanatumiana video za kuchekesha kutwa nzima, na nikangoja kwa moyo wangu wote. Angecheka mmoja tu, hata kwa kujizuia, hata kwa pua, ingetosha. Nadhani wote wangeanguka kwa kucheka na tungerudi nyumbani. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alikuwa amefumba macho anaomba, na kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa anaomba kweli. Alikuwa anampenda yule mtoto kuliko sisi sote.

Katikati ya yote hayo simu ya shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni, ikalia. Aliangalia jina, akaenda nyuma ya nyumba kuongea. Tulisikia sauti yake laini mpaka akamaliza. Wanawake walimngoja, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kuonja chakula cha kwanza atakachopika mke wake aliyetakasika. Akarudi, akanawa, akakaa. Mdogo wangu akasonga bukari, nywele bado zinachuruzika maji, akamwekea kwenye sahani yake. Akala. Akasema iko muzuri.

Jioni ya siku hiyo homa ilishuka. Seramu ilikuwa inaingia tangu juzi yake, na daktari alishatuambia itachukua muda huo. Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa wodini, na kuku naye akamtia katika sala ile ile. Kisha alimkumbatia mdogo wangu, akamwita mwana wangu, akamvisha kitenge kipya. Sioni ajabu. Alikuwa amemsamehe kosa ambalo halikuwepo, na kusamehe kunamfanya mtu ajisikie vizuri.

Siku ya kuruhusiwa nilikwenda kuwasaidia kubeba vitu. Mama mkwe alikuwa ametangulia kutafuta pikipiki. Mdogo wangu alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, na mtoto, mzima kabisa, alikuwa anamvuta sikio na kucheka. Nilikuwa nimejizuia siku zote zile, nikashindwa.

"Unajua ni dawa ndiyo ilimponyesha," nikasema.

"Najua, yaya." Akakaza fundo la kitenge kifuani, akalijaribu kama limeshika. "Nilikuwa naangalia ile seramu inaingia, tone kwa tone. Najua muzuri kabisa."

"Basi."

"Lakini akigonjwa tena," akasema, "nitasimama tena."